Mafuta ya Karafuu Hayatibu Bawa

Jino langu la nyuma limeamka tangu juzi, na mie si mtu wa kukimbilia hospitali. Kwa kweli si mtu wa kukimbilia popote. Majirani zangu hapa Madungu, Pemba, husema nikionekana barabarani ujue kuna msiba, au chumvi imekwisha. Basi leo asubuhi nikateremsha kichupa cha mafuta ya karafuu kutoka juu ya kabati, nikachovya pamba, na kabla pamba haijafika kinywani ile harufu ikanigeuza shingo. Nikatazama meza ya dirishani, pale ilipolala ndege ya marehemu Mjomba juu ya sinia. Nikakifunga kichupa. Nikaenda kuisogeza ndege kiasi cha shubiri mbili, nikatafakari, nikaongeza ya tatu. Mwanamke mzima, mwenye miwani ya kusomea na miwani ya kutazamia, naikinga ndege ya plastiki na dawa ya jino.

Vijana wa Unguja na Dar wenye mapenzi ya vindege hivi hunitumia vya kwao walivyoviharibu. Huyu rangi imemchuruzika, yule kaacha alama ya dole gumba ubavuni, mwengine alitaka ndege ionekane imetumika, akamwaga moshi mpaka ikawa kama imetoka jikoni. Navifuta, napiga msasa, napaka upya, nachafua tena kwa kiasi. Majirani wameshachoka kuniuliza. Wanachojiuliza wao kwa wao ni vipi mtu asiyefika hata Wete ajue ndege huchafuka wapi.

Lakini hii ya sinia imenishinda. Ina kiraka cheupe juu ya bawa la kulia, kibaya, kinaonekana kutoka mlangoni. Ningeweza kukiondoa kwa siku mbili. Wiki hii nilishatoa hata brashi. Kisha binti yangu Zuwena akanipigia kutoka Dar kwamba anakuja leo, kwa ndege ya adhuhuri, nami nikairudisha brashi kwenye kopo lake. Ndiyo nimekaa hapa naandika, kwa kuwa mkono lazima ushike kitu kingine. Nyinyi wa rika langu mtanielewa. Kila mmoja wetu ana jambo moja la utotoni asiloliamini, na hata hivyo halichezei.

Mama alipopelekwa Dar kupasuliwa tumbo, mimi niliachwa kwa Bibi, Bi Time, katika nyumba hii hii. Ndiyo, sijahama, nisemeni. Siku chache kabla yake alikuwa amerudi Mjomba Faki, kaka yake Mama, kutoka Uarabuni. Mtaa mzima ulikuja kumpokea na kutazama alicholeta. Hakuleta redio wala dhahabu. Alileta sanduku la bati, na ndani yake visanduku vya karatasi ngumu vilivyojaa vipande vya plastiki vya kuunganisha. Watu wakanywa chai, wakapeana macho, wakaondoka. Bibi hakubabaika. Alikuwa ameshautangazia mtaa miaka mingi kwamba mwanawe ni fundi wa ndege huko, na fundi wa ndege, alisema, hawezi kurudi na vyombo vya kawaida.

Mimi nilikuwa mtoto wa kushuku. Nikipewa kipande kikubwa cha halua nilitafuta sababu. Nikiambiwa Mama hajambo, nilimtazama msemaji mikono. Kwa hiyo Mjomba Faki nilimweka chini ya ulinzi tangu siku ya kwanza, na hakunichelewesha kupata ushahidi.

Aliunganisha ndege ya mapangaboi mawili, bawa lake likiwa chini, sawasawa na ile iliyomchukua Mama. Akaipaka nyeupe, akaipitisha mstari wa buluu ubavuni, chini ya madirisha yaliyokuwa madogo kama punje za mchele. Ilipendeza hata nikataka kuilamba. Nikadhani imekwisha. Kesho yake nikamkuta ameketi mbele yake na kisahani cha masizi aliyoyakwangua kwenye chemni ya taa, anaichafua.

Hakuichafua ovyo, na hilo ndilo lililonitisha. Masizi aliyachanganya na rangi ya mafuta, akachovya njiti ya kiberiti katika kichupa cha mafuta ya karafuu na kudondosha tone moja tu. Alisema tone lile huichelewesha rangi kukauka, na rangi ikichelewa kukauka, kosa hupata njia ya kurudi. Kisha alipaka nyuma ya injini na kuvuta kwa kitambaa, kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume. Alipozidisha alifyonya, akafuta, akaanza tena. Karibu na magurudumu alipaka udongo mwekundu wa uani kwetu aliouponda na kuuchekecha kwa kitambaa cha kilemba chake cha zamani.

Bibi alipita mlangoni na beseni la nguo, akasimama.

"Watu wafua," alisema, "mwanangu achafua." Akaenda zake kuanika.

Mimi nilibaki. Nikamwuliza mbona aiharibu ndege nzuri namna ile.

"Siiharibu," alisema bila kuinua kichwa. "Naipa umri."

Nikatoka taratibu, kinyumenyume. Chuoni kwetu kwa Kurani tulishafundishwa ni nani anayetoa umri, na hakuwa mjomba wa mtu yeyote.

Siku nne baadaye tulikwenda uwanja wa ndege kumpa msafiri mmoja kikapu amfikishie Mama: samaki wa kukaanga, mkate wa kumimina, na shuka. Tulisimama kwenye uzio wa waya. Ndege ilikuwa pale pale karibu, na juu ya bawa lake la kulia, nyuma ya injini, palikuwa na alama nyeusi, nene mwanzoni, nyembamba mwishoni, imepinda kidogo kama mkia wa paka. Ule mkia niliujua. Nilikuwa nimeuona ukichorwa chumbani kwetu, siku nne nyuma, kwa njiti na kitambaa. Nikamgeukia Mjomba. Naye alikuwa akiutazama mkia ule ule, akitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyetuma mzigo na sasa anaona umefika.

Tangu hapo sikulala mchana. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, niliingia kuikagua ndege. Alipoongeza kutu kidogo kwenye skrubu za mkiani, uji ulinishinda. Alipochora mstari mwembamba kama ufa karibu na mlango, nilimwuliza Bibi kama Mama anajua kuogelea. Bibi aliniwekea kiganja cha mkono kwenye paji la uso, akasema sina homa, ila nina mambo.

Alhamisi ikaja habari kwa simu ya dukani: mshono wa Mama umeshikana vyema, ataruhusiwa, atafika Jumapili kwa ndege. Bibi alishukuru kwa sauti. Mjomba alitabasamu, akaingia chumbani kwake na kuchukua brashi. Mtu mwengine angeona ni mtu na starehe yake. Mimi niliona mtu anakwenda kazini.

Ijumaa, Mjomba alipokwenda kuswali na Bibi yuko jikoni, nikaingia na kitambaa kibichi. Nia yangu ilikuwa safi kabisa: nifute ule mkia wa paka, Mama asafiri kwa ndege isiyo na doa. Lakini rangi ile, kwa lile tone la karafuu, ilikuwa bado mbichi. Nilipofuta, mkia haukutoka, ulitawanyika. Bawa zima likawa kijivu. Nikafuta kwa nguvu, kijivu kikapanda ubavuni, kikaziba madirisha matatu. Nikaishika vyema kwa mkono wa pili, na nilipouondoa, dole gumba langu limebaki juu ya bawa, mistari yake yote inahesabika.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtoto wa Kipemba pekee ndiye angelifanya. Nilikwenda kuchukua dawa. Katika nyumba yetu mafuta ya karafuu yalitibu jino, tumbo, mafua, nyoka wa tumboni, goti la Bibi na kuumwa na tandu. Maradhi yasiyosikia karafuu, Bibi aliyaita umri. Nikalowesha pamba, si kwa tone, kwa kumimina, nikailaza juu ya bawa na kuifunga kwa uzi kama Bibi alivyofunga goti lake. Nikaomba dua niijuayo, ambayo ilikuwa ya kulia chakula. Nikaenda kupepeta mchele.

Niliporudi, rangi ilikuwa imejikunja kama utandu wa maziwa. Pamba ilikuwa imeganda ndani ya plastiki. Na bawa lenyewe, lile gumu lililonichoma kidole siku ya kwanza, lilikuwa limelegea, ncha yake imeinamia chini kwenye sinia.

Nikaichukua ndege na kuificha chini ya kitanda cha Bibi, nikaifunika ungo.

Mjomba alirudi, akaingia chumbani mwake, akatoka. Hakuuliza neno. Kwa mtu anayeshuku, asiyeuliza ni mbaya kuliko anayefoka. Tukakaa kula. Wali wenyewe nauona hadi leo, mweupe, na mimi nimeshika tonge sijui nilipeleke wapi. Mwisho likanitoka: nikasema Mama asipande ndege, aje kwa boti.

Bibi akaacha kutafuna. Akaniambia mtu mwenye mshono tumboni harushwi na mawimbi kama gunia. Kisha akanitazama tena, kwa jicho jengine.

"Umeota nini weye?"

Nikasema sijaota. Akauliza basi nimesikia nini, na kwa nani. Nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kukamtia hofu zaidi ya neno lolote. Bibi yangu alikuwa mtu wa kushuku pia, tabia hii sikuiokota barabarani. Alinawa mkono mmoja, akaanza kutafuta buibui lake aende dukani kupiga simu Dar, Mama azuiliwe, safari ivunjwe, mpaka ijulikane mtoto huyu kaona nini.

"Mama, kaa ule," alisema Mjomba. "Huyu ana lake na mie."

Alikuwa ameokota kinyuzi cha pamba kizingitini. Kilikuwa katika kiganja chake muda wote tuliokuwa tunakula.

Nilimpelekea chumbani kwake ndege pamoja na ungo wake. Akaipokea ndege kwa mikono miwili. Nilingoja kofi, na ningelishukuru, kwani kofi huisha. Akaigeuza, akainusa, akafumba macho.

"Karafuu," alisema.

"Ataanguka," nikasema mimi.

"Nani?"

"Mama. Bawa limelegea."

Nikamwaga yote: umri, mkia wa paka, uzio wa uwanjani, alivyotikisa kichwa. Nililia huku nimemkazia macho, maana sikutaka anifanyie kitu kingine nikipangusa machozi. Mjomba akaketi juu ya sanduku lake la bati. Hakucheka, na nilikuwa nimejiandaa kumchukia kama angelicheka.

"Riziki," aliniita kwa jina, "ile alama mie sikuipeleka kule. Niliitoa kule."

Akaniambia ndege za namna ile, popote ulimwenguni, injini zake hutema mafuta pale pale, na upepo huyavuta vile vile. Nikamwuliza yeye kajuaje. Akasema amezifuta. Nikamwuliza, kwani fundi hufuta?

Akautazama mlango, ambao nyuma yake Bibi alikuwa akigongagonga vyombo kuliko ilivyohitajika.

"Fundi hafuti," alisema kwa sauti ya chini. "Mie sikuwa fundi. Nikiosha. Ngazi, ndoo na tambara. Miaka kumi na moja."

"Bibi asema..."

"Bibi yako asema alichokifahamu. Mie niliandika kwenye barua, nafanya kazi kwenye ndege. Yaliyobaki kayamaliza mwenyewe. Nikasema nitamrekebisha nikirudi." Aligusa rangi iliyojikunja kwa ukucha. "Nikachelewa. Ikakauka."

Sasa mngetegemea niseme moyo wangu ulitua. Haukutua. Nilikuwa na hesabu yangu: mtu huyu ametoka kukiri mbele yangu kwamba kamwacha mama yake mzazi katika uongo kwa miaka kumi na moja. Kwa nini leo nimwamini kuhusu mkia wa paka? Nikapangusa pua, nikamwambia sawa, lakini bawa alitengeneze hata hivyo, na alitengeneze kabla ya Jumapili.

"Haya," alisema, kama mtu aliyepewa kazi na mkubwa wake.

Kazi ya kwanza ilikuwa kutogusa. Plastiki iliyolainika, alisema, ukiitia mkono inazidi; iache itoe mafuta yenyewe. Akalinyanyua bawa likae sawa, akaliegemeza kwa visanduku viwili vya kiberiti, tukaiacha hivyo mpaka Jumamosi. Nilimlinda asiiguse, naye akanilinda nisiiguse. Asubuhi bawa lilikuwa limekuwa gumu tena, limepinda kidogo, lakini gumu. Akang'oa pamba kwa kibano, unyuzi mmoja mmoja. Akakwangua utandu, akajaza mashimo kwa fila, akapiga msasa wa maji mpaka kidole kisione njia. Ubavu na madirisha akavisafisha kwa kijiti cha masikio. Kisha akachanganya nyeupe, akapaka nyepesi, akangoja, akapaka tena. Ilipokauka, mraba ule ukawa mweupe mno katikati ya bawa lililochafuka. Akanyoosha mkono kuchukua masizi.

Nikamshika mkono. Nikamwambia hapo hapapewi umri.

"Itaonekana kiraka," alisema.

Nikasema ionekane. Akaniambia hata ndege za kweli zikipasuka hubandikwa kiraka, na kiraka siku zote huwa kipya kuliko ndege, hakuna aibu. Akaweka masizi chini. Kilichonishangaza ni kwamba siku nzima ile hakuniambia hata mara moja nisimwambie Bibi. Mtu mzima akikupa siri bila kukuapiza, hujui amekuamini au amechoka.

Jumapili tulikuwa kwenye uzio kabla ya watu wote. Ndege ikaja kama nukta, ikawa nzi, ikawa ndege. Ikagusa chini, ikajongea, ikasimama, mapangaboi yakatulia. Watu wakaanza kushuka, na wa nne alikuwa Mama, amekonda, mkono mmoja tumboni, mwengine unatafuta nyuso zetu. Mimi sikumtazama. Nilitazama bawa la kulia.

Halikuwa na kiraka. Halikuwa na mkia wa paka pia. Lilikuwa jeupe, linang'aa, safi.

"Imeoshwa," alisema Mjomba juu ya kichwa changu.

Imeoshwa, alisema yeye. Nimeifuta, niliwaza mimi. Ijumaa, kwa kitambaa kibichi, na doa likatoka huku na kule. Hadi leo sijui ni nani kati yetu aliyekuwa na hoja nzuri zaidi. Mjomba aliinama, akachungulia kwenye kona pale bawa linapokutana na mwili, akafyonya. "Huyu aliyeosha hakufika kwenye kona." Kweli, palikuwa na ncha nyeusi imebaki, ncha ya mkia. Kwenye kona pale na mimi sikufika. Kitambaa changu kilikuwa kinene.

Mama alifika mbele yetu, akaona macho yangu yaliko. "Mie ndiye niliyesafiri," alisema, "si bawa." Ndipo nikamrukia, wakanivuta, nisiubonyeze mshono.

Bibi alikuwa ameshawakusanya watu wawili watatu kama kawaida yake. Aliwaambia mwanawe huyu ndiye yule fundi wa ndege wa Uarabuni, wamwulize lolote. Mzee mmoja mwenye kanzu akamwuliza Mjomba, kwa heshima zote, hivi bawa jembamba kama lile, kweli linaaminika?

Mjomba alinigeukia. Alinitazama. Si kwa kunisihi. Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama rangi mbichi, kuona itakwenda wapi.

Nikashika mkono wake. "Mjomba ndiye aliyelitengeneza bawa," nikamwambia yule mzee. "Jana."

Mzee akacheka, Bibi akajaa kifua, Mama akasema mtoto huyu kakua. Mjomba aliinamisha kichwa, akawa anafungua na kufunga kifungo cha mkono wa shati lake mpaka gari lilipokuja. Na mimi sikusema uongo. Bawa alilitengeneza, na lilikuwa jana.

Bibi alifariki akiwa mama wa fundi wa ndege. Mjomba alinifundisha yote aliyoyajua: masizi, udongo, tone moja na si zaidi, mbele kwenda nyuma. Alipofariki na yeye, sanduku la bati likawa langu, na ndege ile ilikuwamo ndani yake imefungwa kwenye kilemba. Najua sasa kwamba mafuta ya karafuu huyeyusha plastiki ya namna ile. Najua injini hutema wapi. Nimeshawaeleza vijana wa Dar kwa ujumbe mrefu wa sauti, wakaniita mwalimu.

Simu imelia wakati naandika mstari wa juu. Ni Zuwena, ananijua mama yake. Ameandika: "Nishateremka. Bawa zima."

Nikaisogeza karibu sinia ya ndege, nikaitoa brashi kwenye kopo, nikakikaribia kile kiraka, nikaona kwa uhakika kabisa pa kuanzia. Kisha nikarudi kwenye simu, nikamwuliza kurudi Dar ni lini.

"Jumatano, inshallah."

Nikaifunika ndege kitambaa chake, nikachovya pamba, nikatibu jino.